Kengele ya Heshima Huko Mkandani

Kengele kabisa, Mama, ya shaba, kubwa kama sufuria la pilau la msibani! Mtu akifika dirishani kuomba kopo la kupimia choo, karani anashika kamba anavuta, ili watu wote sokoni wazibe masikio wasisikie anachoomba. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Na kwa kuwa kengele imelia, soko zima linageuka kuangalia ni nani.

Na wakikueleza hawacheki hata kidogo. Mimi nilicheka siku ya kwanza, peke yangu, katikati ya watu, na hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza. Ziko nyingine, nitazitaja zote leo, maana tangu nishuke jana habari zimenijaa mpaka hapa kooni. Wewe endelea kuchambua mchele wako, Mama. Nguo nilizofua asubuhi bado mbichi kambani, chakula bado, muda tunao. Mimi naongea tu. Afadhali hata usinitazame.

Nchi inaitwa Mkandani. Habari za njia naziruka, nililala karibu safari nzima. Chuo kilinipeleka mwezi mmoja nikaandike ripoti, kwa nini wazee wa upande mmoja wa nchi wanapimwa utumbo na wa upande mwingine hawapimwi. Unakumbuka nilivyoondoka hapa, stashahada kwenye bahasha, koti jipya. Nilidhani nakwenda kuwafundisha.

Kule kila mtu akifikisha miaka kumi anafungwa mkanda mpana wa ngozi kiunoni, na haufungui mbele ya watu mpaka anazikwa. Mkanda ndio sheria yao. Kilicho juu ya mkanda kinasemwa, kilicho chini hakisemwi. Macho, kichwa, moyo, mapafu, hivyo vina nyimbo, vina mabango ya rangi. Moyo una sikukuu yake, shule zinafungwa. Kilicho chini hakina hata jina. Nilifungua kamusi yao nikakuta kurasa nyingine zimegandishwa kwa gundi. Kuhusu kitovu kuna kesi mahakamani, mwaka wa nane sasa, kama kihesabiwe cha juu au cha chini. Mpaka hukumu itoke, anayeumwa kitovu anaandikiwa dawa ya kikohozi.

Usidhani ni wajinga. Saratani ya utumbo mpana wanaijua kuliko mimi. Wanajua mara nyingi inaanza na kinyama kidogo kama punje ya mtama, kinakaa kimya miaka hata kumi. Kikionekana mapema kinakatwa, na mtu anarudi kula ugali kwake. Kikichelewa, ndiyo hivyo tena. Kwa hiyo walitunga sheria, na ni sheria nzuri, nimeisoma yote: kila aliyefikisha miaka hamsini apewe kopo dogo kila mwaka, aweke humo choo kidogo, kiangaliwe kama kina damu ambayo macho hayaioni. Kifungu cha kwanza kinasema Kopo ni la Wote. Wamekichonga kwenye jiwe mbele ya baraza. Ila jiwe limefunikwa kitambaa, kwa sababu ya neno kopo.

Mji una pande mbili, Kilimani na Bondeni, na katikati pana kijito ambacho hata wewe na magoti yako ungekivuka.

Kilimani, mzee akitimiza hamsini analetewa barua nyumbani. Pamoja na barua anakuja msemaji. Huyu ni mtumishi wa serikali, kazi yake ni kusema lile neno kwa niaba ya mzee. Anaingia kwenye ofisi yenye mapazia, anaongea na ukuta, ukuta unafunguka, kopo linatoka limefungwa kama zawadi ya harusi. Mzee mwenyewe hajafungua kinywa. Majibu yanarudi siku ya tatu. Likionekana tatizo kuna chumba safi, kuna daktari mwenye kamera nyembamba kama mrija, na ukiamka unakuta chai na biskuti.

Bondeni hakuna barua wala msemaji. Kuna Dirisha. Linafunguliwa siku tatu kwa mwaka, katikati ya soko, kati ya wauza dagaa na fundi viatu. Unapanga foleni, unataja jina, umri na haja yako. Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu neno ambalo nchi nzima ni kosa kulitamka, pale dirishani ni kosa kutolitamka. Lazima ulitaje kama lilivyo kwenye daftari, na karani alisikie. Ukisema haja kubwa, anakurudisha. Ukisema kile kitu, anakurudisha. Na kengele inalia kabla hujalitamka.

Nilimuuliza Katibu wa Staha, Bwana Lwiza. Ni mtu mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto alale. Nikamwambia, kwa nini Bondeni hawapelekewi barua?

"Barua zinakwenda kwenye nyumba zenye namba, binti yangu."

"Na za Bondeni hazina namba?"

"Hazina. Sheria inasema namba ipigiliwe kwa misumari miwili kwenye mlango wa mbao. Bondeni milango ni ya bati."

"Lakini msumari unaingia kwenye bati."

Alinitazama kwa huruma. "Unaingia. Ila sheria haijasema."

"Si mngeibadilisha?"

"Hoja ililetwa. Ikabidi kwanza tuwaulize maoni yao watu wa Bondeni wenyewe. Tukawaandikia barua." Akanyoosha karatasi zake mezani. "Hawakujibu."

Nikaandika kwenye daftari langu. Nilikuwa naandika kila kitu, Mama, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mimi nilipangiwa kulala Bondeni, kwa mjane mmoja wa miaka sitini na moja, Bi Siwema. Ungempenda. Hata namna ya kukunja mikono ya gauni kabla ya kuanza kazi mnafanana. Kazi yake dobi, anafua nguo za Kilimani na za majirani tangu usichana wake, na ana mdomo. Siku niliyofika alinizunguka mara mbili akasema, "Hili koti limesoma kuliko mwenyewe."

Sasa dobi anaona. Watu wanaficha kila kitu, lakini nguo wanampa dobi. Bi Siwema alikuwa hasemi kitu, sheria ni sheria. Ila akikuta damu kwenye nguo mahali isipotakiwa kuwapo, anafua, anapiga pasi, halafu kwenye pindo anatia uzi mwekundu, mishono mitatu tu. Kilimani wanaelewa. Mwenye nguo akiuona uzi anamwita msemaji wake siku hiyo hiyo. Hakuna aliyewahi kumwambia asante, kwa sababu kushukuru ingekuwa ni kusema. Lakini sikukuu wanamtumia sukari.

"Umeshashona wangapi?" nilimuuliza.

"Nitajuaje? Wengine nawaona wanapita, wamenenepa, wameshika wajukuu. Nasema moyoni, yule pale ni mishono yangu mitatu."

"Na za kwako wewe anafua nani?" Niliuliza kwa utani tu.

"Nani afue? Nafua mwenyewe."

Wiki ya pili nikaitwa barazani, kwenye mjadala wao wa kila mwaka. Swali lao ni lile lile: kwa nini katika wazee mia wa Kilimani wanapimwa sabini na wanne, na katika mia wa Bondeni wanapimwa tisa. Walikaa kutwa. Mmoja alisema watu wa Bondeni kwa asili yao hawapendi kupimwa. Mwingine akasema si kwamba hawapendi, wanaogopa, kwa hiyo kengele iongezwe ukubwa iwatie moyo. Mama mmoja mwenye miwani alieleza kwamba Bondeni wanakula mchicha mwingi, kopo la nini. Mzee mmoja alipendekeza Bondeni isihesabiwe kabisa, na hapo nchi nzima ingefika sabini na wanne kwa siku moja bila gharama. Huyo alipigiwa makofi kidogo. Bwana Lwiza akakumbusha kwamba suala hili limeshafanyiwa utafiti mara kumi na moja, na tafiti zote zimekubaliana kwamba unahitajika utafiti zaidi.

Dirisha hakulitaja mtu. Kengele hakuitaja mtu. Na mtu wa Bondeni mle ndani alikuwa mmoja tu, mama aliyeleta chai.

Wakanipa nafasi mimi, mgeni msomi. Nilikuwa nimeshalala Bondeni siku kumi, Mama. Nilijua. Nilisimama, nikavuta koti likae sawa, nikasema jamii ya Bondeni inahitaji uhamasishaji shirikishi ili kujenga uelewa na kubadili mtazamo. Niliongea dakika ishirini. Sikutaja choo hata mara moja. Wakapiga makofi mpaka yule mama wa chai akasimama na birika mkononi kunitazama, na Bwana Lwiza akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Umezungumza kwa staha sana," akaniambia.

Na mimi nikafurahi. Hiyo ndiyo aibu ya pili. Nilivuka kijito narukaruka, nikamkuta Bi Siwema anapiga pasi, nikamweleza walivyonipigia makofi.

"Kwa hiyo umewaambia tuna nini?"

"Upungufu wa uelewa."

Akainua pasi, akapuliza makaa, jivu likaruka. "Ahaa," akasema. Akaendelea na kola ya shati.

Kesho yake Dirisha lilikuwa linafunguliwa. Jioni ile ile ya makofi Bi Siwema aliniita nyuma ya nyumba, kwenye beseni. Akatoa kanga yake mwenyewe ambayo bado haijaguswa na maji, akainyoosha mbele yangu huku anatazama ukuta wa jirani. Sijawahi kuona mtu anaonyesha kitu namna ile, mkono uko huku na uso uko kule.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua za kwanza."

"Hiyo ni miezi minne, Bi Siwema."

"Nimetia watu nyuzi miaka arobaini, mwanangu. Nilipoiona yangu nikasema labda ni kanga inachuja rangi."

Kanga yenyewe ilikuwa nyeupe na nyeusi.

Nikamwambia aende dirishani kesho. Akatikisa kichwa. Pale sokoni kila mtu anamjua, na walio sokoni ndio wajakazi na wapishi wa Kilimani. Habari ikivuka kijito kwamba dobi anatoka damu chini, nani atamletea shuka zake? Na bila kopo hakuna daktari atakayemwangalia. Kwa mtu wa Bondeni daktari ni baada ya kopo, hata kama damu unaiona kwa macho yako.

"Daftari lao linasema msemaji ni mtu yeyote anayejua kusoma," akasema. "Mimi sijui. Wewe unajua. Kaniombee. Useme ni la mgonjwa, jina langu usilitaje."

Nikasema sawa, kesho asubuhi na mapema, wala usiwe na wasiwasi. Nilisema haraka, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Asubuhi nikajipanga kwenye foleni. Dirisha lile lile linatoa na dawa ya macho, bila kengele, kwa hiyo wengi walikuwa wa macho. Karani, Bwana Tindwa, aliponiona akatabasamu. "Wewe si ndiye uliyehutubia? Mke wangu amekusifia mpaka chakula kimepoa." Watu wakasogea wanione. Nikataja jina. Nikataja umri, akaandika.

"Haja?" Mkono wake uko kwenye kamba.

Sentensi nilikuwa nayo, Mama. Hilo neno nalijua kwa lugha ya vitabu na kwa lugha ya mtaani, nimelifanyia mtihani nikapata alama za juu. Nikamwona fundi viatu ameinua kichwa. Nikawaona wale wauza dagaa wameanza kuinua mikono kuelekea masikioni.

"Dawa ya macho," nikasema.

Bwana Tindwa akaachia kamba, uso umemlegea kwa shukrani. "Ya macho haina shida. Chukua hata mbili."

Bi Siwema alikuwa ameshatenga nafasi kwenye rafu, ametandika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nikaweka pale kichupa cha dawa ya macho. Nilichelewa hata kueleza. Alikichukua, akakigeuza, akakitikisa, akakifungua akanusa.

"Mbona kidogo hivi?"

"Ni dawa ya macho, Bi Siwema."

Akakikunja kile kitambaa cheupe cha rafuni. Halafu akainua uso, akajitia tone moja jicho hili, tone moja jicho lile. "Macho nayo yalikuwa yananiwasha," akasema. Maji yakamtiririka mpaka kidevuni, na mimi sikujua yapi ni ya dawa.

Siku ya pili sikutoka kitandani. Nilisema kichwa kinauma. Kichwa kiko juu ya mkanda, kwa hiyo mtaa mzima ulipita kunipa pole, na mmoja aliniletea uji. Nikaunywa.

Siku ya tatu, ya mwisho, niliamka nikakuta gauni langu linaning'inia msumarini, limefuliwa, limepigwa pasi, na Bi Siwema ameshatoka. Nikalivaa. Nilipoinama kuvaa kiatu nikaona pindo. Uzi mwekundu, mishono mitatu.

Nilidhani amekosea nguo. Nikalishika lile pindo, nikakitazama kitambaa chote mbele na nyuma. Doa hapakuwa na doa. Alikuwa ameona jingine.

Nikaenda. Foleni ilikuwa fupi, sikupata hata muda wa kuogopa vizuri. Jina, umri, haja. Si ya macho, nikasema. Kengele ikalia. Soko likageuka, mikono masikioni, vidole vimeachana.

"Naomba kopo la kupimia kinyesi," nikasema, "kiangaliwe kama kina damu."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Bwana Tindwa alinitazama kama nimemmwagia maji.

"Umri wako haujafika."

"Si langu. Ni la mgonjwa."

"Daftari linataka jina la mgonjwa."

Hilo sikuwa nimeliuliza. Mimi msomi, mwandiko mzuri, kifungu hicho sikukisoma. Nilikuwa nimeahidi nisimtaje, na nisipomtaja kopo linabaki dirishani mpaka mwakani, na ile kanga ina miezi minne. Nikasimama pale. Bwana Tindwa akaanza kuangalia aliye nyuma yangu.

"La kwangu."

Nikageuka. Bi Siwema alikuwa nyuma ya sinia la dagaa, furushi la nguo za watu kichwani. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani.

"Bi Siwema?" akasema Bwana Tindwa.

"Mimi. Siwema binti Kaluse, miaka sitini na moja, dobi. Kinyesi changu kina damu. Piga na kengele tena kama mkono haujachoka."

Mtu akacheka huko nyuma. Muuza dagaa mmoja akasema, "Leo makubwa." Bi Siwema akatua furushi taratibu, akageuka na mwili mzima.

"Anayecheka ni nani? Mbona kimya? Shuka za nusu ya soko hili nimezifua mimi, za misiba, za harusi, za wagonjwa. Hakuna aliyewahi kusikia neno kwangu. Mnataka nianze leo?"

Kicheko kiliisha kabisa. Wengine hata mikono ilishuka masikioni, sasa wakitaka kusikia vizuri. Halafu fundi viatu, mzee kama wa miaka sabini, akaanza kucheka peke yake, kicheko cha tumboni, mpaka akajifuta macho. Akaweka chini kiatu cha mtu, akaja kwenye foleni.

"Na mimi nipe. Lile lile."

"Lile lile halimo kwenye daftari," akasema karani.

"Haya, kinyesi, Tindwa. Kinyesi. Unataka nikiimbe?"

Hapo ndipo foleni ilipoanza kukua. Alikuja yule muuza dagaa aliyesema makubwa. Alikuja mumewe. Alikuja mama wa chai wa barazani, akasimama nyuma yangu bila kunisalimia. Bwana Tindwa alipiga kengele mara ya tatu, ya nne, ya saba, kisha nikaona ameiacha kamba inaning'inia na anaandika tu, jasho linamtoka.

Walisimama ishirini na sita, nimehesabu. Makopo yalikuwa tisa.

"Mwaka jana waliomba tisa," akasema Bwana Tindwa, na nadhani naye aliona vibaya, hakuinua uso. "Kwa hiyo mwaka huu yameletwa tisa. Kwa mujibu wa mahitaji. Waliobaki mwakani."

La kwanza alikuwa ameshapewa Bi Siwema. Fundi viatu ndiye angekuwa wa pili, lakini alikuwa amewapisha kina mama, na alipofika dirishani yakawa yameisha. Akarudi kwenye kigoda chake, akachukua kile kiatu. "Mimi mwakani nitakuwa hapa hapa," akasema. "Kama na kinyama chenyewe kitakubali kusubiri."

Nilivuka kijito mchana huo huo na vumbi langu. Nikamweleza Bwana Lwiza yote, na lile neno nikalitaja, mara tatu. Alifunga dirisha la ofisi, akanimiminia maji.

"Makopo yapo," akasema. "Ya Kilimani yaliyobaki ni kama mia mbili, kwenye kabati lile."

"Basi yapelekwe Bondeni leo."

"Yameshaandikwa namba za milango, binti yangu."

Nikamwambia ataje tatizo kwa jina lake, kengele, barua, bati, msumari. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akafungua faili, akanionyesha kwa furaha kabisa, kama mtu anayekupa zawadi. "Utafiti wa kumi na mbili umeshakamilika. Tumeweka hotuba yako ukurasa wa kwanza. Inasema tatizo lao ni uelewa."

Jina langu lipo pale, Mama. Tunu, na stashahada yangu, herufi kubwa. Watu wa Kilimani wataisoma hiyo miaka mingi baada ya mimi kusahau njia ya kwenda kule. Hiyo ndiyo aibu ya tatu, na hii sijui nitaivua vipi.

Majibu ya Bi Siwema yaliletwa siku niliyokuwa nafunga begi. Ya Kilimani yanachukua siku tatu, ya kwake yalichukua kumi na moja, yalikuwa yakizunguka yanatafuta namba ya mlango. Alikuja nayo mkononi, hajayafungua, akakaa kitandani kwangu, akakunja mikono ya gauni kama anaanza kazi. "Nisomee," akasema. Nikamsomea.

Najua. Umeacha mchele tena. Ngoja.

Kuna aibu moja nimeiruka, na kwa kweli ndiyo ya kwanza kuliko ile ya kucheka. Jumamosi ile kabla sijaondoka nilikufulia nguo. Kanga yako ya zambarau ilikuwamo. Niliona, Mama. Nikasugua haraka, nikaianika, nikaingia ndani kukunja koti langu niende kufundisha watu wa nchi nyingine. Kutwa nzima tulikaa hapa hapa wewe na mimi, tukaongea habari za nauli, za jirani na kuku wake, na sikusema. Na wewe hukusema. Leo asubuhi nimeifua tena. Ile pale kambani. Ukishika pindo utakuta mishono mitatu, imekwenda upande, unanijua mimi na sindano.

Una miaka hamsini na saba na hakuna barua iliyowahi kukufikia hapa. Mlango wetu nao ni wa bati.

Jana kabla sijaja nyumbani nilipita kituo cha afya. Pale napo pana dirisha, na foleni, na yule dada wa mtaa wa pili anayemjua kila mtu alikuwa mbele yangu, akageuka kabisa kunisikiliza. Nikalisema lile neno, nikakutaja na wewe. Utanisamehe. Nesi hakupiga kengele. Aliuliza umri wako, akauliza kama damu inaonekana kwa macho, nikasema ndiyo, akasema kama inaonekana usikae nyumbani, nikulete upesi daktari akuone mwenyewe, na tuje na hili.

Ni dogo, eh? Linaenea kiganjani. Naliweka hapa, kando ya ungo.

Sasa hivi usiseme kitu, chambua tu. Kesho alfajiri utakwenda nalo kule uani, mimi nitakusubiri hapa na kanga safi, tutashikana mkono mpaka kituoni. Na tukishakaa kwenye benchi, tunasubiri wakuite jina lako, hapo ndipo nitakusomea majibu ya Bi Siwema, neno kwa neno, na alivyosema aliposikia. Nimeyanakili yote. Yako mfukoni mwa koti, na koti nimelala nalo.